UMEME WA RWANDA: MTAJI UKO KWENYE KINAMASI

KATI ya mwaka 2004 na mwaka 2006 bei ya yuniti moja ya umeme nchini Rwanda ilipanda kutoka Faranga 42 hadi Faranga 112, bila kuhesabu kodi. Hilo ni ongezeko la asilimia 167. Mwenye mashine ya kusaga, mwenye saluni, mchomeleaji wa milango na mwenye kiwanda cha maziwa, wote waliipata habari hiyo kwa njia moja: kwenye ankara.

Chanzo cha mkasa huo hakikuwa kodi mpya wala mishahara minono katika shirika la umeme. Maji yalipungua. Ziwa Burera, lililo kaskazini mwa nchi karibu na mpaka wa Uganda, lilishuka kina, na kituo cha Ntaruka kinachotegemea ziwa hilo kikabaki kikizalisha sehemu tu ya uwezo wake. Serikali ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli, na aliyeilipia dizeli hiyo hatimaye ni mteja.

Kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wa Afrika Mashariki kisa hiki kinafaa kusomwa upya, kwa sababu umeme wa maji wa nchi hiyo ndogo ya milima sasa umefungamana na wa majirani zake, Tanzania ikiwemo. Megawati zinazotajwa siku ya uzinduzi ni uwezo wa mashine. Kinachouzwa ni yuniti, na yuniti hutokana na maji yaliyotunzwa milimani.

Bidhaa inayouzwa mara tatu

Rwanda ina eneo la kilomita za mraba 26,338 tu. Haina visima vya mafuta wala migodi ya makaa ya mawe, na kila lita ya mafuta inayopitia bandari ya Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 1,500 kwa barabara kabla ya kufika Kigali. Walichojaliwa Wanyarwanda ni milima, mvua na miteremko.

Nguvu ya umeme wa maji hutokana na vitu viwili: wingi wa maji na urefu wa mahali yanapoangukia. Ziwa Burera liko juu ya Ziwa Ruhondo kwa takriban mita 100, na maziwa hayo mawili yamekaribiana sana. Ndiyo maana kituo cha Ntaruka kilijengwa kati yake mwaka 1959, kikiwa na mitambo yenye uwezo wa megawati 11.25. Lita 1,000 za maji zikianguka mita 100 hutoa chini kidogo ya robo ya yuniti moja. Kwa maneno mengine, yuniti moja ya umeme wa Ntaruka inataka lita zaidi ya 4,000 za maji.

Maji hayo yakitoka Ntaruka kazi yake haijakwisha. Huingia Ziwa Ruhondo, na kutoka hapo hupelekwa kwenye kituo cha Mukungwa, kilichoanza kazi mwaka 1982 kikiwa na megawati 12. Kisha Mto Mukungwa huyapeleka Nyabarongo. Nyabarongo ukiungana na Akanyaru huwa Akagera, ambao Watanzania wanauita Kagera, na mto huo hufika Rusumo kwenye mpaka wa Tanzania. Hapo maji huzungusha mitambo kwa mara nyingine kabla ya kuendelea hadi Ziwa Victoria.

Kwa lugha ya sokoni, hii ni bidhaa inayouzwa angalau mara tatu bila kununuliwa upya. Ni biashara nzuri, ila ina udhaifu mmoja: huko juu ghala la kutegemewa ni moja. Ghala hilo ni kinamasi cha Rugezi, bonde refu lenye zaidi ya hekta 6,700 linalotiririsha maji yake Ziwa Burera. Kinamasi hufanya kazi kama sifongo. Wakati wa mvua kubwa hunywa maji, na wakati wa kiangazi huyaachia kidogo kidogo, hivyo ziwa haliishiwi.

Ghala lilivyobomolewa

Sifongo hiyo iliharibiwa taratibu. Mifereji ilichimbwa ili kukausha sehemu za bonde na kupata mashamba. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi, hivyo kilimo kilipanda hadi kwenye miteremko mikali, na udongo ukawa unasombwa na mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mvua nazo zikapungua. Juu ya yote hayo, maji yaliendelea kutolewa ziwani kuendesha mitambo kuliko yalivyokuwa yakiingia.

Hakuna hata sababu moja kati ya hizo ambayo peke yake ingetosha kuliangusha ziwa. Zilijumlishana mwaka hadi mwaka, na hasara haikuonekana kwenye hesabu za shirika la umeme mpaka ilipokuwa kubwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hasara ilikuwa nzito kwa sababu ya namna vituo vilivyopangwa. Mwaka 2004 vituo vikuu vya maji vilivyokuwa mali ya Rwanda peke yake vilikuwa vinne: Ntaruka megawati 11.25, Mukungwa megawati 12, Gihira megawati 1.8 na Gisenyi megawati 1.2. Jumla yake ni megawati 26.25. Kati ya hizo, megawati 23.25 za Ntaruka na Mukungwa zilitegemea maji ya bonde lile lile. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za uwezo wa vituo hivyo ziliegemea kinamasi kimoja.

Mwekezaji mwenye fedha zake zote katika hisa za kampuni moja anaielewa hatari hiyo bila kufafanuliwa.

Dizeli haina huruma

Hesabu ya dizeli ni rahisi. Lita moja katika mtambo mkubwa hutoa kati ya yuniti tatu na nusu na nne. Kama lita hiyo inauzwa dola moja ya Marekani, mafuta peke yake yanagharimu senti 25 hadi 29 kwa kila yuniti. Bado hapajaongezwa kodi ya mtambo, vipuri, mishahara na umeme unaopotea njiani kwenye nyaya.

Gharama ya dizeli kwa Rwanda wakati wa upungufu huo ilikadiriwa kufikia dola 65,000 kwa siku. Kwa kiwango hicho, mwaka mzima ungemeza zaidi ya dola milioni 23, fedha za kigeni ambazo nchi inayouza kahawa na chai huzipata kwa jasho.

Majirani nao hawakuwa na cha kuuza. Uganda ilikuwa na mgao mkubwa wa umeme mwaka 2005 na 2006 baada ya Ziwa Victoria kushuka. Tanzania nayo mwaka 2006 iliingia katika mgao mkali baada ya ukame kulipunguza maji bwawa la Mtera. Somo kwa soko ni kwamba ukame hauheshimu mipaka. Nchi zinazotegemea mvua za eneo moja zinaweza kuishiwa kwa wakati mmoja, hata kama nyaya zinazoziunganisha ni nzima.

Maji yalirudi, bei haikurudi

Rwanda iliamua kulijenga upya ghala lake. Sheria ya mazingira ilitungwa mwaka 2005. Kilimo na malisho ndani ya Rugezi vilisimamishwa, mifereji ikazibwa, na ukanda wa mita 50 kuzunguka maziwa ukawekewa hifadhi. Mianzi na majani yalipandwa kuzuia udongo, na makinga maji yakachimbwa kwenye miteremko. Desemba 2005 kinamasi hicho kiliingizwa katika orodha ya maeneo yanayolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Maji yalipanda, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Ntaruka ilikuwa imerudi kwenye uwezo wake. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Green Globe kwa kuufufua uoto wa Rugezi.

Hata hivyo, kazi hiyo haikuwa ya bure. Familia zilizokuwa zikilima bondeni, kulisha ng'ombe na kukata majani ya kusukia mikeka na vikapu zilipoteza riziki zao kwa amri, na mipango ya kuwasaidia kwa ufugaji wa nyuki, majiko ya kuni chache na kilimo bora ilikuja baadaye. Gharama hiyo haikuandikwa kwenye ankara ya mteja wa Kigali, lakini kuna watu walioilipa.

Jambo la pili la kuzingatiwa ni bei. Maji yaliporudi, yuniti haikurudi Faranga 42. Iliendelea kuwa Faranga 112 hadi mwaka 2012, ilipopandishwa kufika Faranga 134. Wateja walikuwa wanaongezeka na dizeli ilikuwa bado inatumika. Mfanyabiashara asijidanganye kwamba bei iliyopandishwa na ukame itashushwa na mvua.

Wenye mitaji waingia

Baada ya funzo hilo Rwanda ilianza kutawanya vyanzo vyake. Kituo kikubwa kilichofuata kilikuwa Nyabarongo I, wilayani Muhanga, chenye megawati 28. Kilijengwa kwa mkopo wa dola milioni 80 kutoka Benki ya Exim ya India na kampuni za nchi hiyo, kikaanza kuzalisha mwaka 2014 na kuzinduliwa mwaka 2015. Kinatumia mto mwingine, hivyo hatari imegawanyika. Lakini Nyabarongo una ugonjwa wake. Maji yake ni ya rangi ya kahawia kwa udongo unaobebwa kutoka mashambani. Udongo huo hujaza nafasi ya maji nyuma ya ukuta na kusaga vyuma vya mitambo kama msasa.

Sekta binafsi nayo ilikaribishwa. Kampuni ya chai ya Rwanda Mountain Tea ilijenga vituo vya Giciye katika wilaya ya Nyabihu, viwili vya kwanza vikiwa na megawati 4 kila kimoja. Si ajabu kampuni ya chai kuingia katika umeme. Chai hupandwa milimani penye mvua, na viwanda vyake haviwezi kungoja umeme urudi, kwa maana jani lililochumwa leo likilala huharibika.

Mwaka 2012 mamlaka ya udhibiti ya nchi hiyo ilitangaza bei maalumu za kununulia umeme wa vituo vidogo vya maji. Zilianzia senti 16 na kitu za Marekani kwa yuniti kwa kituo cha kilowati 50, zikishuka kadiri kituo kinavyokuwa kikubwa hadi karibu senti 7 kwa kituo cha megawati 10. Mantiki yake ni kwamba mdogo hutumia gharama kubwa zaidi kwa kila yuniti, hivyo alipwe zaidi.

Kati ya mwaka 2023 na 2024 kampuni ya Prime Energy, inayomiliki vituo vidogo vya maji, ilifika hadi Soko la Hisa la Rwanda ikiuza hati fungani ya kijani. Kwa mara hiyo hata mwenye akiba ndogo aliweza kuikopesha fedha kampuni ya umeme wa maji na kungoja riba.

Anayenunua karatasi ya namna hiyo ajue kinachomlipa. Chukua mfano wa kituo cha megawati 2 kinachouza yuniti kwa senti 9 za Marekani. Kikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake mwaka mzima kitatoa yuniti milioni 8.76 na kuingiza dola 788,400. Mwaka wa mvua haba, kikishuka hadi asilimia 40, yuniti zitakuwa milioni 7.008 na mapato dola 630,720. Tofauti ni dola 157,680. Mishahara haipungui kwa sababu mto umepungua, wala benki haisamehi marejesho. Upungufu wote unamwangukia mwenye mali.

Kuna pia suala la mnunuzi. Umeme unaoingia kwenye gridi hununuliwa na shirika la serikali, na wateja wa shirika hilo hulipa kwa faranga. Pale mkataba unapohesabiwa kwa dola, kushuka kwa faranga ni mzigo wa shirika, na mzigo ukizidi huishia kwa mteja au kwa mlipa kodi. Mwekezaji makini husoma sehemu hiyo ya mkataba kabla ya kusoma ukurasa wa faida.

Mali ya ubia mipakani

Mradi unaomgusa Mtanzania moja kwa moja ni Rusumo. Wazo lake ni la zamani: Jumuiya ya Bonde la Mto Kagera iliundwa mwaka 1977, na umeme wa maporomoko hayo ulikuwa miongoni mwa makusudio yake. Vita, uhaba wa fedha na mabishano vilipita, na jumuiya hiyo ikavunjwa kabla ya jiwe la kituo kuwekwa. Ujenzi ulianza mwaka 2017 kwa dola milioni 340 kutoka Benki ya Dunia, na umeme ukaanza kuingia kwenye gridi mwaka 2023. Ilikuwa miaka 46 tangu jumuiya ile iundwe.

Kituo kina megawati 80, na Rwanda, Burundi na Tanzania zinagawana sawa, yaani kila nchi karibu megawati 26.7. Nyaya za kilovolti 220 zinakwenda Nyakanazi kwa upande wa Tanzania, Gitega nchini Burundi na Shango karibu na Kigali. Mpango wa awali wa bwawa kubwa uliachwa, ukachukuliwa wa kutumia maji yanavyopita, ili ardhi na makazi machache zaidi vifunikwe. Wakazi wamepata nafuu, lakini mfanyabiashara akumbuke upande wa pili: kituo kisicho na bwawa kubwa hakina akiba ya kutosha ya kungojea mvua. Mto ukipungua leo, umeme unapungua leo.

Kwa upande wa magharibi kuna Mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika. Rusizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ni mali ya shirika la umeme la Kongo. Rusizi II, iliyoanza kazi mwaka 1989, inaendeshwa na SINELAC, kampuni ya ubia wa Kongo, Rwanda na Burundi. Huko tatizo kubwa linaloonekana ni takataka. Chupa na mifuko ya plastiki inayosombwa kutoka Bukavu na vilima vinavyozunguka Kivu huziba malango ya maji, na mitambo husimamishwa ili isafishwe. Rusizi III, iliyopangwa kuwa na megawati 206, imekuwa mezani kwa miaka mingi. Ubia wa nchi tatu unahitaji maelewano ya nchi tatu, na uhasama kati ya Kigali na Kinshasa, uliozidi mwaka 2025 baada ya Bukavu kutekwa na waasi wa M23, si mazingira ya kumvutia mwenye fedha.

Ya kuangaliwa na soko

Rwanda ya sasa si ile ya 2004. Kaya zenye umeme, ambazo kabla ya mwaka 2009 zilikuwa chini ya 10 katika kila 100, zimepita 70, zile za sola zikihesabiwa. Uwezo wa mitambo yote umepita megawati 300. Gesi ya Ziwa Kivu inachomwa katika kituo cha KivuWatt chenye megawati 26 kilichozinduliwa mwaka 2016, na mboji ya mabondeni nayo inachomwa kuzalisha umeme. Kinamasi kimoja hakiwezi tena kuiweka nchi nzima gizani.

Hata hivyo umeme wa maji ndio unaoendelea kuvuta wastani wa bei kwenda chini, na ukipungua pengo lake huzibwa na kitu cha bei kubwa zaidi. Kwa hiyo anayefuatilia soko hili ana mambo manne ya kuuliza kila anaposikia megawati mpya zinatangazwa. Maji yanatoka bonde gani, na ni vituo vingapi vingine vinategemea bonde hilo? Nani analinda miteremko iliyo juu yake, na wanaoishi humo wanapata nini kwa kuilinda? Kituo kina akiba ya maji ya miezi mingapi? Na mwisho, umeme unalipwa kwa fedha gani na nani?

Mvua kubwa za Rwanda hunyesha kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Desemba. Kiangazi kirefu ni Juni hadi Agosti, na hapo ndipo mito hupungua. Mwenye kiwanda Kigali, Gitega au Ngara anayepanga gharama zake za nusu ya pili ya mwaka atafanya vema kuanza na taarifa za mvua za Aprili huko milimani, kisha ndipo aulize bei ya dizeli.